Onyesha Bega

Watu wana msemo wao, mzigo mzito mpe Mnyamwezi, na wanausema huku wakicheka, utadhani Mnyamwezi ni punda aliyejifunza kusema. Shomari Ngollo aliusikia karibu kila siku kwa miaka thelathini, pale stesheni ya Tabora alipokuwa hamali, na hakuwahi kucheka nao. Jibu lake lilikuwa lile lile: "Mpe, lakini umlipe." Kisha analitupa gunia begani anakwenda zake, na aliyecheka anabaki na meno nje.

Mwaka ninaousimulia, wa sabini na mbili, Shomari alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Mfupi, mpana, miguu imepinda kidogo kwa nje, ndevu zimeanza kuingia mvi. Alikaa Chemchem na mkewe Mwanamkuu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Maua kwa jina la binti yao, mwanamke mwenye ulimi mkali na huruma nyingi asiyopenda ijulikane. Ukimwona Shomari ndani ya kanzu yake ya Ijumaa usingemdhania kitu. Akivua shati ndipo unapokiona: bega la kulia limeota sugu, nene, nyeusi, ngumu kama soli ya kiatu. Watoto wa mtaa walikuwa wakiomba kuligusa, naye aliwaacha waguse.

Bega lilikuwa jambo la heshima katika ukoo ule. Babu yake, mzee Ngollo mwenyewe, alikuwa mpagazi wa misafara, amebeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo, akarudi na nguo na shanga, wala si mara moja. Enzi hizo kijana asiyefika Pwani alikuwa bado hajawa mtu, hata mke alipewa kwa kusitasita. Basi waongo wakawa wengi. Kijana anajificha Tura, njiani tu, kwa shangazi yake miezi mitatu minne, halafu anarudi kijijini kwa maringo, anasimulia bahari asiyoiona. Wazee hawakubishana naye. Walimwacha amalize, kisha mmoja wao anasema tu, onyesha bega. Kijana akivua nguo, bega likaonekana laini kama la bibi harusi, hadithi imekwisha. Maneno hayo mawili yakabaki nyumbani kwa kina Ngollo. Mtoto akisema ameshafagia ua wote, anaambiwa onyesha bega. Mwanamkuu naye alipoolewa aliyachukua akayafanya yake. Muuza nyanya akiapa kwamba zimetoka shambani leo, alimwambia azionyeshe bega.

Sasa, mahamali wa stesheni walikuwa kumi na sita, na kila mmoja alijua kwamba mgongo hauna vipuri. Miaka minne nyuma mwenzao mmoja alianguka chini ya gunia la chumvi, akafia pale pale jukwaani. Maiti haijapoa, mwenye chumvi akauliza nani atalimalizia gunia lake. Shomari ndiye aliyelimalizia, na jambo hilo lilimkaa kooni mpaka mwisho wa maisha yake.

Siku zile redio haikuwa na neno jingine ila kujitegemea na ushirika, na wengi walilisikia kama wanavyosikia mvua kwenye bati la jirani. Shomari alilisikia akalishika. Akawaambia wenzake, kama ni ushirika, na sisi tuwe ushirika; babu zetu walibeba kwa bega, sisi tumebeba kwa bega, wanetu wabebe kwa magurudumu. Wakacheka, wakanyamaza, wakakubali. Wakaandikishwa, Ushirika wa Mahamali wa Stesheni, na kwa miaka mitatu kila mtu alitoa kidogo katika kile alichopata. Fedha zikakaa benki, na hazikutoka bila sahihi ya ofisi ya ushirika.

Mwezi wa nane ikaja habari waliyokuwa wakiingoja. Serikali inajenga shule na maghala katika vijiji vipya njia ya Sikonge na Ipole. Saruji na bati vitafika Tabora kwa gari moshi, halafu lazima vipelekwe kwa barabara, na tumbaku irudi. Kazi ile itapewa ushirika wowote utakaokuwa na lori la tela kabla ya mwisho wa Oktoba, maana baada ya hapo mvua inaanza. Usipopatikana ushirika, itakwenda kwa tajiri mmoja wa mjini mwenye malori matatu na kicheko kikubwa. Tajiri huyo alipita stesheni akawauliza mahamali kama hilo lori lao watalibeba kichwani au begani. Wakaendelea kupakua. Walijua kwamba wakilikosa lori, watabaki chini ya magunia ya watu mpaka waangukie jukwaani mmoja mmoja, kama mwenzao wa chumvi.

Lori jipya halikuwa la kuota. Ofisi ikamtoa karani wake, Eustace, awasaidie kuchagua lililotumika. Eustace alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mtoto wa misheni, suruali imepigwa pasi mpaka inakata, mpole, mwoga wa makosa kuliko mwoga wa nyoka. Ofisi ilikuwa na sheria moja juu ya magari yaliyotumika: lisinunuliwe gari ambalo mita yake imezidi maili laki moja. Sheria hiyo aliijua kama Baba Yetu. Alimheshimu Shomari, na hakukosa kumwamkia shikamoo, maana siku aliposhuka Tabora kwa mara ya kwanza ni Shomari aliyemchukulia sanduku lake la vitabu kutoka stesheni hadi Cheyo.

Wakaenda kwa Kornel, dalali wa magari, mwenye yadi nyuma ya maghala ya reli. Tangu mizigo ya Zambia ianze kupita barabarani mchana na usiku, malori yaliyochoka na safari ile yalikuwa yanauzwa, na mengine yalipeperuka mpaka Tabora. Pale yadini yalikuwapo mawili, kichwa na tela lake. La kwanza la buluu, rangi mbichi, viti vimeshonwa upya. La pili la kijivu, limebabuka, mlango mmoja umefungwa kwa kamba, stata imekufa. Hilo la pili halikuwa la Kornel. Alimruhusu tu mwenyewe aliegeshe. Mwenyewe aliitwa Bernardo, dereva, aliyeliendesha njia ya Zambia miaka sita mpaka tajiri wake alipohama nchi akamwachia.

Eustace akapanda la buluu, akachungulia mita, akaandika: elfu sitini na moja na ushee. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akapanda na la kijivu kwa kutimiza wajibu tu, na aliposhuka uso wake ulikuwa unang'aa.

"Ndugu Shomari," alisema, "hili limetembea maili elfu kumi na mbili tu. Hili ni jipya."

Bernardo alicheka mpaka akashika tairi asianguke. Alipopata pumzi akamweleza kwamba mita ile ina vidirisha vitano na si zaidi. Ikifika tisini na tisa elfu mia tisa tisini na tisa, inarudi kwenye sifuri kama mtoto aliyefeli darasa. Imezunguka hivyo mara tatu, na mara zote tatu yeye alikuwa kitini. Eustace akapiga hesabu midomo ikicheza. Laki tatu na elfu kumi na mbili. Akatoa leso akajipangusa shingo, na miguu yake ikaanza kurudi kwenye lori la buluu bila kuambiwa.

Kornel alikuwa akimngoja huko, na maneno yake yalikuwa yamepakwa rangi kama gari lake. Hili lilikuwa la mzee mmoja mtulivu, halijaenda Zambia, limebeba pamba tu, tena pamba nyepesi. Shomari akavua kandambili akaziacha chini, akapanda pekupeku. Watu wote wa kazi yake walikuwa hivyo: kitu wasichokijua walikikanyaga kwanza. Akakaa kwenye kiti cha dereva, akaweka unyayo juu ya pedali ya klachi. Mpira wa pedali ulikuwa mpya kabisa. Akainama, akaingiza kidole chini ya mpira, akauvua.

Chuma kilichokuwa chini yake kilikuwa kimelika upande wa kushoto mpaka kimekuwa chembamba, kinang'aa kama kijiko cha kila siku. Shomari akashuka polepole, akapapasa kidato cha kupandia: kimebonyea katikati kama jiwe la kusagia la bibi. Akarudi juu akafungua utepe uliozungushwa usukani, na chini yake akakuta mashimo mawili ya vidole gumba. Mtu aliyetembea maili elfu sitini hawi na nyayo za namna hii.

Akamuuliza Kornel mita ya gari lile imezunguka mara ngapi. Kornel akasema haijazunguka hata mara moja, kwa jina la mama yake.

"Njia ya mwongo fupi," Shomari alisema.

Kornel akapandisha mori. Akasema hamali ajue mambo ya magunia, mambo ya magari awaachie wenyewe.

"Kweli. Na gunia lililofumuliwa likashonwa upya, nalijua."

Lakini msidhani alilikimbilia lile la kijivu kwa huruma. Kuchakaa si sifa, na mahamali hawanunui kitu kwa kusikitika. Tangu enzi za misafara ilikuwa desturi kwamba mpagazi hakubali mzigo kabla ya kuuinua na kuzunguka nao uwanja. Basi Jumapili Shomari akaja na wenzake kumi na watano. Wakaingia chini ya lori kwa matumbo, wakapapasa chasisi yote inchi kwa inchi. Bernardo akawaonyesha mwenyewe mahali palipochomelewa, kabla hawajauliza. Wakaichomoa pini inayounganisha tela na kichwa, wakaitazama kama mtu anavyotazama jino la ng'ombe. Kila kitu kilikuwa kimezeeka na hakuna kilichofichwa. Wakalisukuma likawaka, wakajaza mchanga magunia mia moja, wakayapakia kwa mabega yao bila kulipwa na mtu, wakamwambia Bernardo ashike njia ya Kwihara kwenye mchanga mwingi.

Lori likazama. Likanguruma, likatetemeka, likatoa moshi kama tanuri la matofali, na Yahaya, rafiki mkubwa wa Shomari, akaanza kusoma dua kwa sauti. Bernardo akarudisha gia ya chini kabisa, akaliacha liende kwa mwendo wake lenyewe, nalo likatoka kwenye mchanga polepole, hatua kwa hatua, kama mtu anayejua njia ndefu. Walirudi yadini maji ya rejeta hayajachemka. Wakamwomba Kornel na la buluu lifanyiwe hivyo hivyo, magunia yapo, mabega yapo. Kornel akasema dizeli ni ghali. Wakasema watanunua. Akasema dereva wake mgonjwa. Bernardo akajitolea kuliendesha. Kornel akakumbuka kwamba leo ni Jumapili, siku ya Bwana. Hapo hata Eustace alielewa.

Kuelewa ni kitu kimoja, kutia sahihi ni kingine. Karani aliondoka pale, na siku ya pili yake akawaita ofisini huku anatabasamu. Alikuwa ameisoma sheria mara nyingi usiku kucha. Sheria inasema mita isizidi laki moja. Mita ya lori la kijivu inasema elfu kumi na mbili mia nne themanini. Basi ataandika hivyo hivyo kwenye fomu, atatia sahihi, na nani atakuja kuuliza? Mahamali walishikana mikono. Bei yenyewe ilikuwa nusu ya lile la buluu. Zimebaki siku tatu Oktoba iishe.

Shomari akasema hapana.

Walimshangaa. Yahaya akamvuta nje, akamsihi kwa jina la urafiki wao asiwaharibie. Wengine hawakusihi, walimwambia wazi kwamba kiburi cha Ngollo kitawazika wote. Jioni ile habari ilishafika Chemchem kabla yake. Mwanamkuu alimwekea ugali na mlenda, akamngoja ale matonge mawili.

"Baba Maua," alisema, "umebeba magunia ya watu miaka thelathini. Leo unashindwa kubeba tarakimu tano?"

Shomari akamweleza, na alimweleza kwa sauti ya chini kwa sababu alikuwa anaogopa. Familia kumi na tano zilikuwa mgongoni mwake na huo ulikuwa mzigo asiouzoea. Lakini mnyampara wa msafara, alisema, alipanga mizigo kwa kutazama mabega. Mzee alipewa mzigo wa mzee, kijana wa kijana, na wote walifika. Ofisi ikiwa na karatasi inayosema lori hili ni jipya, italipangia mizigo ya lori jipya na safari za lori jipya. Wakiomba springi, wataambiwa gari la maili elfu kumi na mbili linataka springi za nini. Litakufa katika mwaka mmoja, na wao watarudi jukwaani. Zaidi ya hayo, alisema, laki tatu zile ni safari za gari lenyewe. Limefika Pwani na kurudi mara zisizohesabika. Babu yangu hakuficha safari zake hata moja, na mimi nilifichie gari langu?

Mwanamkuu akakusanya vyombo. Alikuwa na hasira naye na alikuwa anajivunia mume wake, vyote pamoja, na hakujua aanze na kipi.

"Kamwambie hivyo hivyo," alisema mwishowe. "Na uvae lile shati lenye vishikizo vyote."

Asubuhi Shomari alikwenda ofisini peke yake. Mle ndani alikuwamo Eustace na Mama Apolinaria, mpiga chapa, mama wa makamo mwenye miwani, aliyekaa ofisi ile muda mrefu kuliko makabati yake. Eustace akamwamkia, akaitikiwa, kisha akafunua mikono.

"Ndugu Shomari, unataka nifanye nini? Nikiandika laki tatu, siwezi kutia sahihi. Nikiandika elfu kumi na mbili, wewe unakataa."

Shomari akafungua vishikizo, kimoja kimoja, akaliteremsha shati upande wa kulia. Mashine ya kupiga chapa ikanyamaza.

"Siku ile uliposhuka na sanduku lako," alisema, "palikuwa na vijana wengi pale jukwaani. Ulimchagua nani?"

"Wewe."

"Kwa nini?"

Eustace aliitazama ile sugu. "Kwa sababu ya bega," alisema.

"Hukuniuliza nina umri gani. Sasa niandike mimi kwamba ni hamali wa mwaka jana. Watanipa mzigo wa mtu wa mwaka jana, nami nitakufa chini yake. Niandike kama nilivyo, nitabeba wangu na nitafika. Sikuombi unipendelee, Bwana Eustace. Nakuomba uandike."

Eustace hakuwa mtu mbaya. Machozi yalimlengalenga, lakini kalamu haikusogea, maana alikuwa na mke na watoto wawili na mkubwa wake alikuwa mtu wa kufukuza. Ndipo Mama Apolinaria, bila kugeuza kichwa, akasema kwamba anashangaa wanaume wazima kutoa jasho kwa fomu aliyoichapa yeye mwenyewe. Mita ni mita na gari ni gari. Sheria imesema mita isizidi laki moja. Mita yenye vidirisha vitano haitazidi laki moja mpaka siku ya kiama. Hapo juu, penye mita, aandike mita inavyosoma. Lakini chini kabisa ya fomu kuna mistari mitatu, imeandikwa Maelezo Mengine. Miaka kumi na mmoja anaichapa mistari ile, hajaona mtu amejaza hata herufi.

Karani akaitazama mistari mitatu. Kuandika pale kulikuwa halali, na kulikuwa hatari vile vile, maana atakayesoma atajua kwamba alijua. Akaichovya kalamu. Juu akaandika 12,480. Chini akaandika: Mita imezunguka mara tatu kamili, jumla maili laki tatu na zaidi. Chasisi na injini vimekaguliwa, gari limebebeshwa mzigo. Kisha akasita, akaongeza: Bega limeonekana. Akatia sahihi.

Lori walilitoa yadini kwa kulisukuma, kwa kuwa stata ilikuwa bado maiti. Wanaume kumi na sita nyuma ya tela tupu, wanaimba nyimbo ambazo babu zao walitembea nazo hadi Bagamoyo, mji mzima umesimama pembeni unawacheka. Tajiri wa malori matatu alitoka dukani kwake aone. Lilikataa kuwaka mpaka lilipofika mbele ya mlango wake. Hapo likakohoa, likawaka, likamfunika kwa moshi yeye na nguo zake za dukani. Mahamali wanaapa kwamba haikupangwa. Kazi ya Sikonge wakaipata siku moja kabla ya Oktoba kwisha.

Miaka miwili lori la kijivu lilikwenda na kurudi, saruji huku, tumbaku kule. Walilipakia mizigo yake na si zaidi. Wakiomba springi, Eustace alifungua faili akaonyesha mistari mitatu, na springi zilikuja. Yahaya aliacha kubeba akawa mlinzi wa ghala lao wenyewe. Bernardo akawa mwanachama wa kumi na saba. Stata mpya haikupatikana, kwa hiyo kila asubuhi walisukuma, na watu wa Tabora wakazoea kuamka kwa nyimbo zile.

Halafu, mwaka wa sabini na nne, akaja bwana mkubwa mmoja kutoka mbali, shati jeupe, Landrova, na orodha mkononi. Alikuwa anakusanya malori yote mapya ya vyama yapelekwe kazi ndefu nje ya mkoa, na hakusema yatarudi lini. Alisimamisha Landrova yake kwenye ua wa ushirika, ukutani kabisa, akapanda kwenye lori la kijivu lililoingia nyuma yake likazimikia mlangoni, akasoma mita. Elfu arobaini na moja.

"Bichi hili," alisema. "Litaondoka kesho."

Wanaume wakatazamana. Shomari akapiga hatua mbele. Kabla hajafungua mdomo, Eustace alikuwa ameshatoka ofisini na faili. Bwana mkubwa akasoma mstari wa juu, akasoma mistari ya chini, akakunja uso.

"Bega limeonekana. Hii ni lugha gani ya ofisi?"

"Vua viatu, Ndugu, upande tena," Eustace alisema. "Weka mguu kwenye klachi."

Yule mtu alitaka kukasirika, lakini wanaume kumi na watano walikuwa wamesimama wakimtazama. Akavua viatu. Akapanda. Unyayo wake ukakaa juu ya chuma tupu kilicholika na miaka minane ya mguu wa mtu mmoja, akauondoa upesi kama aliyekanyaga kaburi. Aliposhuka alilifuta lori kwenye orodha. Lakini hakutaka kuondoka mikono mitupu, akauliza kwa ukali ni nani aliyeruhusu gari la laki tatu kununuliwa, wakati sheria ilikuwa wazi.

"Mimi," Eustace alisema. Safari hii hakutoa leso. "Sahihi ni yangu."

"Na bega ni letu," Shomari alisema.

Bwana mkubwa akasema hilo litaandikwa, akaingia kwenye Landrova yake, akawasha. Hakuweza kutoka. Lori lilikuwa limeziba mlango wa ua, nalo haliwaki bila kusukumwa. Shomari akamwendea dirishani, akamweleza jambo hilo kwa adabu zote, akamwambia kwamba leo wenzao wawili wako Kaliua msibani, mikono imepungua. Kama ana haraka, nafasi ipo nyuma ya tela, upande wa kulia.

Bwana mkubwa akazima gari lake. Kisha akashuka, akatafuta mahali kati ya Shomari na Yahaya, akaweka bega. Wakaanza wimbo, wakasukuma, likawaka. Alipoondoka, shati lake jeupe lilikuwa na alama nyeusi ya grisi na vumbi begani, upana wa kiganja, na hakuna hata mmoja aliyemwambia.